Wiki Ambayo Mama Hakuloweka Muhogo

Nyumbani kwetu, katika komini ya Kisangani, sehemu moja ya mji wenye jina hilohilo, hakuna saa ukutani. Kuna pipa la bluu nyuma ya jiko, na ndani yake kuna muhogo unaolowa. Mama anatengeneza kwanga, ule muhogo uliochachuka, ukapondwa, ukafungwa ndani ya majani mapana ya msituni na kupikwa kwa mvuke, na mtu wa kazi hiyo huishi siku nne mbele ya jirani zake. Leo anamenya na kuloweka. Siku ya nne muhogo umelainika; anatoa nyuzi, anaponda, anakanda, anafunga. Kila anapomimina maji ndani ya pipa anakuwa ameshakubali kwamba siku nne zijazo zitafika, kwamba yeye atakuwepo, na wanunuzi wake watakuwepo, na njaa yao.

Harufu ya muhogo ule, chachu na nzito, ndiyo harufu ya utoto wangu. Imo katika nguo zangu na katika madaftari yangu. Shuleni wenzangu waliziba pua nikipita. Baadaye nilipoanza kuandika, na kuketi kila Jumamosi mchana na vijana wengine wanaoandika katika ukumbi mdogo wenye viti vya plastiki, nilijipaka manukato kabla ya kutoka. Bado msichana mmoja aliniambia kwamba hadithi zangu zinanukia jiko. Alidhani ananisifu.

Mwaka jana, Jumatatu moja ya msimu wa mvua, niliamka nikakuta harufu haipo.

Nilitoka nje. Pipa lilikuwa limeoshwa na kupinduliwa, mdomo chini, likikauka kama sufuria baada ya msiba. Kinu kilikuwa kimeegemezwa ukutani. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda akichana nywele zake taratibu, jambo alilolifanya Jumapili tu.

“Mama, muhogo haukuletwa?”

“Uliletwa. Nimemupa mama wa jirani.”

“Wote?”

“Nikiloweka leo itatoka Ijumaa.” Alisema hivyo kwa upole, kama anavyomweleza mtoto kwamba moto unaunguza. “Na Ijumaa nani atakula?”

Nilijua Ijumaa ipi. Mji mzima ulijua. Kwa majuma mawili sauti ya mhubiri mmoja ilikuwa ikitembea kutoka simu hadi simu, sauti nzuri, ya chini, ya mtu asiye na haraka. Alisema ameonyeshwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi ule, kabla jua halijazama. Alitaja dalili: habari za vita kutoka mashariki, mto uliokula kingo zake, watoto wachanga walioota meno ya juu kwanza. Alieleza moto utakavyoanza mbinguni na kushuka. Vijana wa pikipiki waliifanya kuwa mchezo, abiria alikuwa akisema, “Nibebe bure, Ijumaa utanunua nini?” na dereva anajibu, “Panda basi, lakini huko mbele ya Mungu ukiulizwa, useme mimi ndiye nilikubeba.” Watu walicheka. Lakini niliona pia wanawake sokoni waliokuwa wakilipana madeni ya zamani, wakiombana msamaha juu ya vitu vya miaka kumi.

Mimi nilikuwa nimecheka kuliko wote. Jumamosi iliyopita, ukumbini, nilikuwa nimesoma hadithi yangu mpya kuhusu mtu aliyevaa suti yake ya harusi akaketi barazani kuungoja mwisho wa dunia, na kilichomjia ni mvua. Niliisoma vizuri. Baada ya kusoma niliulizwa kwa nini watu huamini mambo haya, nikajibu kwa sauti ya mtu aliyesoma: hofu na ujinga, na hofu zaidi. Nilipigiwa makofi. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya pipa lililopinduliwa, na aliyelipindua ni mama yangu.

Nilijaribu kubishana naye. Nilimkumbusha mwaka ule wa ugonjwa, tulipofungiwa majumbani, jinsi mwanamke mmoja alivyopita barabarani na kengele akisema zimebaki siku saba.

“Yule sikumuamini,” mama alisema.

“Kwa nini huyu?”

“Huyu anasema makaburi.”

Sikumwelewa, na sikuuliza. Nilikuwa nimeisikiliza ile sauti mara nyingi ili niweze kuidhihaki, na nilichosikia ni moto. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba mama hakuogopa. Alilala vizuri. Alipaka chokaa upya ukuta wa mbele. Alipofua alikuwa akiimba, wimbo wa wavuvi wa Yanonge, kwao, ambao hakuwa ameuimba tangu papa, baba yangu, afariki. Nilimtazama na hasira yangu haikupata mahali pa kushika.

Jumanne mchana fundi cherehani aliniita. Ni jirani yetu wa kushoto, Mwislamu, mtu wa ukoo wa zamani. Anapenda kusema kwamba babu wa babu yake alifika kwenye maporomoko ya mto huu na misafara ya biashara kabla mji haujapata jina. Cherehani yake iko barazani, na hakuna anayepita bila kutaniwa.

“Eh, mwandishi! Njoo hapa. Mwisho wa dunia umekukuta bila bwana?”

“Tonton, hata wewe?” nilimjibu, kwa neno tunalowaitia wajomba.

“Mimi? Niko na kanzu sita za arusi ya Jumamosi. Mungu akitaka kufunga Ijumaa, bon, anitumie ujumbe leo nipumzishe mugongo.” Alicheka peke yake, kisha akaondoa mguu kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza. “Lakini mama yako ameniletea kazi. Anataka iishe mbele ya Ijumaa. Gauni.”

“Gauni lake?”

“La mutoto. Miaka mine.” Akanionyesha kitambaa, kitenge cha njano chenye maua madogo meupe. “Nilimuomba kipimo, nikafikiri ataniletea huyo mutoto. Akaweka mukono hivi.” Fundi alikunjua kiganja chake hewani, kikatazama chini, karibu na nyonga. “Akasema, urefu wake ni hapa. Na mukono haukutetemeka, hata kidogo. Alors nakuuliza wewe: kwenu muko na mutoto?”

“Hapana, tonton.”

“Ndiyo sababu nakuuliza.”

Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa uani akipanga majani ya kwanga yaliyobaki, akiyafuta moja moja, ingawa hakuwa na cha kufungia ndani yake.

“Mama, gauni ni la nani?”

Hakushtuka. Alisogea kidogo kwenye mkeka. “Keti, mama,” aliniambia. Akina mama wa kwetu huwaita binti zao mama. Kwa kawaida silisikii tena neno hilo. Siku ile nililisikia.

Nilikuwa nikijua kwamba nilikuwa na dada. Alikufa wakati wa vita: ndivyo ilivyosemwa nyumbani, kwa maneno hayohayo manne, kama anwani ya mahali ambapo hatwendi. Mimi nilikuwa tumboni wakati huo. Nilijua kwamba kila mwaka kuna siku moja ambayo mama hapiki, na kwamba siku hiyo tunakula tulichonunua. Sikuwahi kuuliza zaidi. Nimeandika kurasa nyingi juu ya watu niliowabuni, na sikuwahi kumuuliza mama yangu mtoto wake amelala wapi.

Alinieleza. Waliishi komini ya Tshopo, karibu na daraja. Papa alikuwa safarini kwenye boti, majuma mengi upande wa chini wa mto. Majeshi mawili ya kigeni, yaliyoingia mjini kama marafiki, yalikuwa yameanza kutazamana vibaya. Siku moja dada mkubwa wa mama, aliyekuwa akifanya biashara ya samaki wakavu, alifika na mtumbwi kutoka Yanonge. Alikuwa ameona mtoni mambo asiyoyapenda, silaha zikipandishwa mchana kweupe.

“Akaniambia, twende leo. Chukua mutoto, twende. Kule mutakula samaki mpaka hii makelele iishe.” Mama alikunja jani mara mbili, akalikunjua. “Nikamuambia, nimeloweka juzi. Siku mbili tu, itoke, nitakuja nayo, tutauza kwenu. Akakasirika. Akasema, wewe na muhogo yako! Akaenda.”

Kesho yake mabomu yalianza. Mama na mtoto walikaa chini ya kitanda. Joto lilikuwa kali, mtoto alivuliwa nguo zote. Siku ya tatu kulikuwa na kimya kidogo. Mtoto alitaka maji. Mama alikuwa na tumbo kubwa, tumbo langu, na kutoka chini ya kitanda kulimchukua muda.

“Alikuwa mwepesi sana. Alipita juu ya mugongo yangu. Nilimusikia akifungua kifuniko ya mutungi, kule inje, kando ya pipa. Nilisikia kifuniko.”

Hakusema alichosikia baadaye. Alisema tu kwamba pipa lilipasuka na muhogo ukamwagika uwanja mzima, mweupe, na kwamba wanaume wawili wa jirani walichimba haraka nyuma ya jiko, kando ya mti wa safu, yale matunda ya zambarau, kwa sababu hakuna aliyeweza kufika makaburini. Alimfunga mtoto katika kitenge alichokuwa amejitanda. Kisha alitembea na kupakiwa mtumbwini, akafika Yanonge, na miezi miwili baadaye akanizaa mimi huko. Aliporudi mjini, mwenye nyumba alikuwa ameiuza. Baadhi ya waliozikwa nyuani walifukuliwa na kuzikwa upya, na wengine waliachwa. Kuhusu wake, hakuna aliyeweza kumwambia lolote. Hakuwahi kupita tena barabara ile.

“Bon. Sasa huyu mutumishi anasema makaburi itafunguka. Papa yako iko mu makaburi ya mji, iko na wenzake. Akiamuka ni mutu mukubwa, atauliza njia. Lakini yeye?” Sauti yake haikubadilika. “Ataamuka mu uwanja wa watu. Miaka mine. Uchi. Ataita mama, na mulangoni atatoka mutu asiyemujua.”

Kuku wa jirani alipita kati yetu.

“Na kama hayatafunguka?”

“Basi hayatafunguka. Lakini mara moja mutu aliniambia twende leo, nikamujibu angoje.”

Alirudi kwenye majani yake.

Usiku ule na siku zilizofuata nilikuwa nikiisikiliza upya sauti ya mhubiri, bila kutaka kuandika chochote. Na kweli, baada ya moto, karibu na mwisho, mahali ambapo nilikuwa nikizima simu, alizungumza juu ya makaburi. Alisema ardhi itarudisha. Alirudia mara tatu, itarudisha, itarudisha, kwa sauti ileile isiyo na haraka. Sijui kama alijua anazungumza katika mji gani. Sijui kama alihesabu ni nyumba ngapi zilizojengwa juu ya watu. Nilimchukia kwa kuwa huenda alijua, na nilimchukia kwa kuwa huenda hakujua. Hadithi yangu ya mtu wa suti niliitafuta katika daftari nikaisoma. Nilikuwa nimeandika juu ya mtu anayeogopa. Haikunijia kamwe kwamba mtu anaweza kuungoja mwisho wa dunia kama anavyongojwa mgeni bandarini, na nguo safi mkononi.

Alhamisi jioni nililifuata gauni. Fundi alikuwa amelikunja vizuri ndani ya mfuko. Hakuuliza tena ni la nani. Alinishika mkono tu.

“Nimeshona kila mushono mara mbili,” alisema. “Na mwambie mama, ndani ya pindo nimeacha vidole vine. Watoto wanakua. Atafumua tu.”

Nilimshukuru. Sikufikisha ujumbe ule.

Mhubiri alikuwa ameagiza kwamba wote wanaoamini wakusanyike Ijumaa katika nyumba ya maombi, wamevaa nyeupe. Majirani walikuja kumchukua mama asubuhi, akakataa.

“Kule kuna watu wengi,” aliwajibu. “Munihurumie. Mimi niko na mahali pa kwenda.”

Alivaa kitenge chake cha sikukuu. Tulipanda pikipiki moja, yeye katikati, mfuko kifuani. Barabara ilikuwa kama siku zote, wauza mafuta ya mawese, baiskeli za mizigo, wanafunzi wenye mashati meupe, na kwa sababu hiyo iliniogopesha. Nilikuwa nikikiangalia kila kitu kama ninavyoangalia picha ya watu waliokwisha kufa. Tulipoukaribia mto Tshopo nilisikia maji yanavyogonga mawe chini ya daraja, na mama, aliyekuwa akinyoosha shingo juu ya bega la dereva, aliinamisha kichwa.

Tuliposhuka, mama aliipita nyumba, akarudi. Bati lilikuwa jipya, na ukuta wa matofali ulikuwa umeongezwa. Mbele, mwanamke kijana alikuwa akikaanga mikate ya mafuta.

“Karibuni. Munatafuta nani?”

“Tulikuwa tunaishi hapa,” mama alisema. “Zamani.”

Uso wa yule mwanamke ulijifunga. “Hapa tulinunua. Tuko na karatasi yote, na muhuri. Bwana yangu iko kazini, nimuite?”

“Sitaki kiwanja, mama. Nataka kukaa tu, kule nyuma.”

“Kukaa! Watu wanaanzaka hivyo. Leo anakaa, kesho analeta avoka wa korti, kesho kutwa mimi na watoto tuko inje na masufuria.”

“Mpaka jua ishuke tu. Kisha tunaenda.”

Mwanamke aliutazama mfuko, akakitazama kitenge cha sikukuu, akanitazama mimi, na mimi niliona haya. Mkono wenye kijiko cha matundu ukabaki hewani, mafuta yakidondoka.

“Ijumaa,” alisema polepole. “Na ninyi pia. Kwa jirani wako wawili toka asubuhi, papa moja na bibi yake. Wanasimama tu.” Akageuka kuangalia upande wa jiko. “Ni kando ya ule muti?”

Mama alikuwa bado hajaonyesha mahali popote.

“Bokilo yangu, mama mukwe, ndiye alinunua,” mwanamke alisema. “Sisi tulitaka kuchimba choo pale. Akakataa. Alisema mutu aliyemuuzia alimuambia, hapo kuna mutu mudogo. Hata sasa amekufa na sisi hatujachimba.” Akaweka kijiko chini. “Pitieni huku. Chungeni moto.”

Uwanja wa nyuma ulikuwa umefagiliwa asubuhi hiyo. Mistari ya ufagio ilikwenda sambamba kutoka jikoni hadi ukutani, na kando ya mti wa safu ilipinda, ikazunguka, ikaendelea. Katikati ya mzunguko huo kulikuwa na mahali padogo ambapo ufagio haukupita, pamejaa majani makavu, urefu wake kama mkeka wa mtoto. Kwa miaka yote ambayo mama hakuthubutu kupita barabara ile, kulikuwa na mtu aliyekuwa akifagia kuzunguka.

Mama alipatazama. Aliomba kigoda, akakiweka pembeni, akaketi, akalitandaza gauni magotini.

Sitajifanya kwamba nilikaa pale kama mtu mwenye akili. Saa za kwanza nilimtazama yeye, nikijiandaa kwa jioni, nikipanga maneno ya kumfariji. Mchana nilikuwa nikitazama majani. Joto lilipanda, watoto wa nyumba walirudi kutoka shule wakakatazwa kuja nyuma, mwanamke akatuletea mikate katika sahani na mama hakuila. Juu ya ukuta wa jirani niliona kichwa cha mzee mmoja mwenye kofia, na mara moja macho yetu yalikutana.

“Bado?” aliuliza, kwa heshima, kama mtu anayeulizia boti.

“Bado, papa.”

Akatikisa kichwa, akarudi chini.

Kuku alichakura majani na mimi nikainuka nusu. Kivuli cha mti kilipanda juu ya miguu yangu na niliisogeza. Nilikuwa nimeanza kujiuliza atakuwa na sura gani, kama anafanana nami, kama atanichukia, mimi niliyekuwa mzito ndani ya mama siku ile, mimi niliyemfanya mama achelewe kutoka chini ya kitanda. Kwa hiyo ndivyo inavyokuwa, nilifikiri. Mtu haamini kwanza kisha akangoja. Anangoja, na kungoja kunamfanya aamini.

Jua lilikuwa limefika kwenye bati tuliposikia kifuniko.

Kilikuwa nyuma yetu, sauti ndogo ya kifuniko cha alumini kikiinuliwa. Mama alisimama hata kigoda kikaanguka. Nilisimama pia. Mama alikuwa amelishika gauni kwa mabega, wazi, tayari kuvalishwa.

Mwanamke wa nyumba alikuwa ameinama juu ya mtungi wake wa maji, kikombe mkononi. Alituona.

“Nini?” aliuliza. “Nini, mama?”

Polepole mama alilikunja gauni, akalirudisha mfukoni, akanyoosha mkono.

“Nipe hiyo maji,” alisema. “Alikuwa anataka maji.”

Mwanamke alijaza kikombe hadi ukingoni akakileta kwa mikono miwili. Mama alipiga magoti kwenye mstari wa ufagio, hakuuvuka, akamimina maji juu ya majani kidogo kidogo, akisimama katikati kama mtu anayemnywesha mtoto ili asipaliwe. Aliomba kikombe cha pili. Ardhi iliyapokea yote.

Jua likashuka nyuma ya nyumba za komini, kama kawaida yake, bila kelele. Ng'ambo ya ukuta tulisikia mzee akikohoa na mlango ukifunguliwa. Mama alimshukuru mwanamke wa nyumba, na yule mwanamke, ambaye asubuhi alitaka kumwita mumewe, alimwambia, “Utarudi, mama. Hata bila mwisho wa dunia.” Alitufungia mikate katika gazeti. Tulirudi kwa pikipiki. Mgongo wa mama ulikuwa umenilalia kifuani, na niliuhisi ukitetemeka, nikajua analia, na upepo wa pikipiki ukayapeleka machozi yake nyuma, usoni kwangu.

Jumamosi asubuhi fundi alikuwa akipiga kelele barazani kabla sijafungua macho. “Eh, jirani! Tuko hai! Nimalize kanzu ama bado kuna nyongeza?” Watu walimjibu kwa vicheko, wengine vifupi. Sikwenda ukumbini siku ile.

Nilitoka nje. Pipa lilikuwa limesimama. Mama alikuwa amekwenda kwa mama wa jirani, akarudishiwa nusu ya muhogo ambao haujalowekwa, na sehemu ilikuwa tayari imemenywa, imezama, maji yakiwa bado meupe kidogo juu. Harufu haikuwa imerudi. Huchukua siku mbili. Yeye aliketi kizingitini, gauni la njano mapajani na wembe vidoleni, akifumua pindo. Alikata uzi mmoja, akauvuta, akakata mwingine. Fundi alikuwa ameshona mara mbili kweli. Kazi ilikwenda polepole. Mimi sikuwa nimemwambia habari ya vile vidole vinne. Aliviona mwenyewe, labda pale uwanjani, kwa zile saa nyingi.

“Papa yako alikuwa murefu,” alisema bila kuinua macho. “Na yeye angerefuka.”

Alipomaliza alililowesha pindo kwa maji ya kinywani na kulinyoosha kwa kiganja. Gauni lilikuwa refu zaidi sasa, lakini mstari wa mkunjo wa kwanza ulibaki, na haukutoka hata alipousugua. Alilitazama kwa muda. Kisha akalikunja, akaliweka kwenye kizingiti upande wake wa kulia, mahali pakavu, akavuta karibu beseni la muhogo na kunisukumia kisu.

“Menya, mama,” aliniambia. “Jumatano watu watakula.”